Sisimizi Mwenye Ndevu wa Garubes

Ottilie Gawises alikuwa fundi wa kubandika sisimizi. Wengine husifiwa kwa kuimba kanisani, au kwa kumkamua mbuzi mtukutu bila kumwaga hata tone. Yeye sifa yake ilikuwa hiyo. Unakata karatasi ngumu vipande vya pembe tatu, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Unagusa ncha kwa gundi. Unamlaza sisimizi hapo, kifua kwenye gundi, miguu ikining'inia, uso mbele, ili atakayekuja kumchungulia kwa hadubini asihangaike kumtafuta macho. Gundi ikizidi, umemharibu. Ottilie alibandika mia moja kabla ya chai ya saa nne, na hakuna aliyekaa upande.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mmoja huko Windhoek, katika chumba cha wadudu, chini ya Daktari Festus Hamukoto. Aliingia pale kama mfagiaji. Siku moja Daktari alikuta trei iliyomwagika imepangwa upya, kila sisimizi na wenzake, akauliza nani kamfundisha mfagiaji. Ottilie akasema hajafundishwa na mtu, ila hawa ni wezi wa sukari, hawa ni wala kumbikumbi, na hawa ndio wenye maghala. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Wiki iliyofuata fagio likapewa mtu mwingine.

Wenye maghala ndio waliomlea. Mama yake alikwenda pwani kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki akasahau njia ya kurudi, na Ottilie akabaki kijijini Gomakhas na bibi yake, Lisbet, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuzia fisi. Kule mvua ikijitahidi, nyasi za uwandani huzaa mbegu ndogo nyeupe, na sisimizi huzikusanya, huzimenya na kuzilaza kwenye vyumba vyao chini ya ardhi. Baridi ya Juni ikiingia, wanawake huwafuata na mitarimbo. Mbegu zinapetwa, zinaoshwa, zinapikwa uji wa maziwa ya mbuzi, na mtoto aliyeunywa uji ule hawezi kudanganywa na unga wa dukani.

Lakini kuchimba kuna adabu yake. Unaingia kwa ubavu, huendi chini moja kwa moja. Unachota vyumba vya juu, unawaachia vya chini, unafunika tundu kwa jiwe bapa. Mama yao, yule mkubwa anayekaa chini kabisa, humtafuti. Gomakhas ilikumbuka mwanamke mmoja tu aliyechimba mpaka akamfikia mama wa sisimizi, na hakuna aliyemtukana. Watu walinyamaza kila alipopita, mpaka akahama.

Na tena hutaji mahali pako. Mwanamke akikutwa njiani na gunia limejaa, akiulizwa anatoka wapi, hujibu, "Arixas," hata kama vumbi la upande mwingine kabisa liko kwenye pindo la gauni lake. Arixas ni uwanda mtupu upande wa kusini ambako sisimizi wake weusi hukusanya mbegu zilizochanganyika na changarawe, hakuna mwenye meno yake anayezitaka. Aliyeuliza anajua hilo, aliyejibu anajua kuwa anajua, wanacheka, wanaulizana habari za watoto. Hakuna aliyewahi kuuita huo uongo. Ilikuwa heshima tu, kama kugonga mlango.

Sasa, mwaka wa tisa wa kazi yake, Bibi Lisbet alimtumia Ottilie mfuko wa mbegu kwa mtu wa kwao aliyekuwa akija mjini. Chini ya mfuko kulikuwa na sisimizi wakavu wachache. Ottilie hakuweza kuona sisimizi mkavu akamtupa, basi akabandika watatu, akawaacha mezani, akaenda kuchemsha maji. Aliporudi alimkuta Daktari ameinamia hadubini, chai yake imepoa.

"Otti, hawa umewatoa wapi?"

"Kwetu. Wamekuja na uji."

"Hebu njoo utazame hapa chini ya kidevu."

Ottilie alitazama. Sisimizi alikuwa na ndevu. Ndevu zenyewe si ajabu, wenzake wengi wa jangwani wanazo, wanazitumia kukumbatia mchanga wanapochimba. Lakini huyu alikuwa na safu mbili, ya ndani fupi, ya nje ndefu iliyopinda. Kichwa chake kilikuwa na rangi ya kutu, kimefifia, kimechorwa mistari myembamba toka mdomoni hadi kisogoni. Tumbo lilikuwa jeusi, linang'aa. Kiunoni mafundo mawili, la nyuma pana kuliko la mbele. Mgongoni hakuwa na miiba.

Daktari alifungua kitabu cha kutambulia sisimizi, kile kinachokuuliza maswali. Ndevu zipo au hazipo? Kichwa kinang'aa au kimefifia? Miiba ipo? Ukijibu hili kinakutuma kwenye swali lile, mpaka ufike kwenye jina. Walikwenda vizuri mpaka swali la saba, hapo kitabu kikataka wachague moja kati ya majibu mawili, na majibu yote mawili hayakuwa huyu. Wakaanza upya. Wakakwama palepale.

"Kitabu kimetufukuza," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa mtoto amshike. "Huyu hana jina, Otti. Wanatoka mahali gani hasa?"

"Arixas," Ottilie akajibu.

Lilimtoka lenyewe, kama mtu mwenye homa anavyoulizwa hujambo akasema sijambo. Daktari alikuwa ameshaliandika kwa penseli kabla Ottilie hajafunga mdomo.

Tusimpambe. Alikuwa na mchana mzima wa kusema, "Samahani, nimekosea." Alikuwa na wiki nzima. Badala yake alimpigia bibi yake simu.

"Umemwambia Arixas?" Bibi Lisbet akauliza.

"Nimemwambia."

"Basi nilikulea vizuri."

"Bibi, hiki kitu kitachapishwa. Watu wa dunia nzima watasoma."

"Ndiyo maana nasema vizuri. Unataka watu wa dunia nzima waje na majembe yao Garubes?"

Garubes ndiko kulikokuwa kwenyewe. Uwanda wa changarawe chini ya mlima wa mawe meupe, upande wa kaskazini, na kwenye uwanda huo bibi yake alikuwa na viota kumi na vitatu alivyorithi kwa mama yake, ambaye alivirithi kwa mama yake. Mwaka wa ukame mkubwa, mbuzi walipokwisha, watu wa nyumba ile walikula Garubes. Ottilie alilifikiria jambo hilo na akaona bibi yake ana haki. Mtu akijua mahali, anakuja. Hakuwahi kusikia la kinyume.

Daktari alitaka kwenda mwenyewe, lakini mwaka ule alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, hata ngazi za ofisi zilimtoa jasho. Akamtuma Ottilie wakati wa likizo yake na chupa sitini za spiriti na kile kifaa kidogo kinachosoma namba za mahali kutoka angani. Ottilie alijaza chupa Garubes. Kisha akatembea saa tatu mpaka Arixas, akasimama katikati ya sisimizi weusi wasio na ndevu hata moja, akabonyeza kifaa, akaandika namba. Neno la mdomo unaweza kusema limekuponyoka. Hili alitembea nalo saa tatu juani, na njia nzima alijua anachokifanya.

Kumwandika sisimizi kukachukua karibu miaka miwili. Walipima upana wa vichwa arobaini. Walihesabu vipande vya pembe, kumi na viwili kila upande. Ottilie alichora, akachora tena, usiku akiota ndevu. Daktari alituma barua kwenye makumbusho ya ng'ambo kuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumwona kiumbe huyu, wote wakajibu hapana. Likabaki pengo moja.

"Malkia," Daktari akasema. "Kazi kama hii bila malkia ni kama harusi bila bibi harusi."

"Huyo hatumchimbi, Daktari."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Mtu mwingine angembembeleza au angemwamuru. Daktari Hamukoto aliandika, Malkia hajulikani, akageuza ukurasa. Na kazi ilipotoka, katika jina la Kilatini la sisimizi yule kulikuwa na jina la Ottilie. Ofisini wakakata keki. Ottilie alikwenda chooni akajifungia akalia, na wenzake wakaambiana kuwa furaha nayo ina machozi yake. Chini ya jina lake, kwa herufi nzuri, pameandikwa kuwa kiumbe huyu anajulikana kutoka mahali pamoja tu duniani, nako ni Arixas.

Juni iliyofuata waliitwa Gomakhas, yeye na Daktari. Kampuni moja ilikuwa imepata kibali cha kuchimba marumaru kwenye ule mlima mweupe, na mtaalamu wao wa mazingira, Bwana Mouton, aliitisha mkutano darasani. Daktari alialikwa kuwaeleza watu habari za sisimizi wao. Nyonga ilikuwa imepona kiasi. Njiani alikuwa na furaha, alimwuliza Ottilie majina ya vilima vyote, na Ottilie alimjibu kimoja kimoja.

Watu walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewagusa videvu. Bibi Lisbet alikaa mbele, kitambaa chake cha njano kimefungwa kwa ajili ya wageni. Nyuma yake alikaa Mina, jirani na mshindani wake wa tangu ujana, ambaye kila msimu hutaka kujua gunia la mwenzake limejaa kiasi gani. Daktari alipomaliza kusema, Bibi Lisbet alinyanyua mkono.

"Mzee wa watu, nikuulize. Kweli unalipwa mshahara kwa kuangalia matako ya sisimizi?"

"Kichwa zaidi, Bibi," Daktari akasema alipotafsiriwa. "Matako ni kwa muda wa ziada."

Darasa likaangua kicheko, na hata Mouton alicheka. Alikuwa kijana mzungu wa Kiafrikana mwenye shingo iliyoungua na jua, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Akatandika ramani ubaoni.

"Barabara ya malori tulipanga ipite hapa, Arixas, na kiwanja cha kupakilia mawe kiwe hapahapa," akasema. "Lakini tukasoma kazi ya Daktari na dada yetu. Sisimizi huyu hayupo mahali pengine popote. Hatuwezi kumwangamiza. Kwa hiyo tumehamisha kila kitu. Barabara na kiwanja vitakuwa huku, Garubes. Mashine zinafika Jumatatu."

Watu walipiga makofi. Walimpigia Ottilie. Mtu alimgonga mgongoni, "Umeokoa nchi, dada." Ottilie aliona ramani inakuja karibu na kwenda mbali. Mstari mwekundu ulikatiza uwanda wote, na mwisho wake kulikuwa na kisanduku chekundu kikubwa kuliko kijiji.

"Kwa ajili ya ripoti," Mouton akaendelea, "nalazimika kuuliza. Kuna mtu anayeitumia Garubes? Malisho, kuni, mbegu, chochote?"

Hapo ndipo ilipotokea ajabu ambayo mgeni hawezi kuielewa. Darasani mle walikuwamo wanawake wanane wachimbaji wa mbegu, na wote wanane walikuwa na viota Garubes. Hakuna aliyefungua mdomo. Mouton akamgeukia aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Bibi, wewe?"

"Mimi? Garubes?" Bibi Lisbet akasema. "Pale hata mjusi anapita mbio."

"Mimi hata njia yake siijui," Mina akadakia kutoka nyuma.

Wengine wakatikisa vichwa. Mouton akaandika, na Ottilie, aliyekaa karibu, aliisoma kalamu yake: haitumiki.

Walipopewa mapumziko ya chai Ottilie alimshika bibi yake mkono akampeleka nyuma ya matangi ya maji.

"Bibi, watapitisha malori juu ya viota vyako."

"Nimesikia. Masikio hayajafa."

"Sasa kwa nini umesema vile?"

"Mina alikuwa kisogoni kwangu. Ulitaka niseme nini mbele ya Mina?"

"Mina anajua! Kiota chake kiko hatua arobaini kutoka kwako."

"Najua kiko wapi. Nimekipita miaka hamsini na sijawahi kukitazama." Bibi Lisbet alishusha sauti. "Hicho kibarabara kina upana gani? Kama cha punda?"

"Si kibarabara. Na kile kisanduku ni kiwanja. Wanachukua uwanda wote, Bibi. Wanausawazisha."

Bibi Lisbet alivuta kitambaa chake, akakifunga upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Uwanda wote," akasema.

"Nitawaambia."

"Utamwaibisha yule mzee. Kakupa jina."

"Najua."

"Na kazi?"

"Watanifukuza, nadhani."

Ottilie alitaka bibi yake aseme usithubutu, ili apate mtu wa kumlaumu. Au aseme nenda, ili apate ujasiri. Bibi Lisbet hakusema moja wala jingine. Aliingia darasani akaketi, na Ottilie akamwogopa kuliko alivyomwogopa Mouton.

Alisimama kabla mkutano haujaendelea, kwa sababu alijua akikaa hatasimama tena. Alisema kwa Kidamara, lugha ya kwao, kwanza, haraka haraka, halafu kwa Kiafrikana, ili wageni nao wasikie. Alisema sisimizi wale hawakutoka Arixas. Wametoka Garubes, wote, wa kwanza na wa mwisho. Arixas hakuna hata mmoja. Alisema bibi yake anachimba pale, na mama wa bibi yake alichimba pale, na kwamba wanawake wanane waliomo humu wamekaa kimya kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu hakuna kitu. Kisha maneno yakamwishia, akabaki ameshika ukingo wa dawati.

Daktari alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Namba za mahali," akasema taratibu. "Zile namba nimezikagua mwenyewe. Ziko Arixas."

"Nilikwenda kuzisoma kule, Daktari."

"Kwa gari?"

"Kwa miguu. Saa tatu."

"Ulitembea saa tatu," Daktari akasema. Ottilie angependa zaidi kama angempiga kofi. Kukosea jina la mahali kunasameheka, hata maprofesa wamekosea. Lakini alijua mzee yule alikuwa anaihesabu njia ile, hatua kwa hatua, na kila hatua mtu aliyemwamini alikuwa na nafasi ya kugeuka.

Mouton alikuwa amefunga kalamu. "Dada, nisamehe," akasema. "Nakuamini, pengine. Lakini kampuni itaniuliza. Mtu aliyebeba sisimizi kutoka hapa akawaandikisha kule, kesho akinionyesha sisimizi Garubes, nitajuaje hawakubebwa vilevile? Nipe kitu ambacho hakibebeki."

Daktari alijibu akiitazama sakafu.

"Malkia. Anakaa chini sana, kwenye vyumba alivyochimbiwa miaka mingi. Huwezi kumpandikiza kwa siku moja. Akitolewa pale mbele ya macho yako, utasaini?"

"Akitolewa mbele ya macho yangu, barabara na kiwanja vinarudi Arixas. Nasaini palepale."

Wanawake wanane walielewa mara moja, hata kabla ya kutafsiriwa vizuri. Kutoa malkia ni kuua kiota. Wakawa wanatazama mikono yao. Ottilie naye alitazama yake, kwa sababu yeye hakuwa na kiota cha kutoa. Alikuwa na jina tu.

"Changu," Bibi Lisbet akasema. "Kile cha karibu na jiwe refu. Ndicho kikubwa."

Asubuhi walikwenda. Upepo wa mashariki ulikuwa unakata masikio. Bibi Lisbet alitembea mbele na mtarimbo begani, na nyuma yake kwa mara ya kwanza katika maisha ya kijiji wanawake wote walikwenda Garubes kwa njia moja, kweupe, wakionana. Ilikuwa aibu kama ya kuoga pamoja na wakwe. Waliepa kutazama kushoto na kulia yalikokuwa mawe bapa ya wenzao.

Bibi Lisbet alichimba kwa ubavu mpaka vyumba vya juu. Mbegu zilitoka nyeupe, safi, Ottilie akazipokea kwenye turubai. Mahali ambapo siku zote angeacha, alisimama, akashika kiuno. Kisha akaupiga mtarimbo chini.

Sisimizi walitoka kama maji yanayochemka. Waliwapanda miguuni, wakang'ata, na wengi walibeba watoto wao weupe mdomoni wakikimbia wasijue pa kuwaweka. Vyumba vya chini vilikuwa na mbegu za miaka, nyingine zimegeuka kahawia. Ardhi ilikuwa ngumu. Ilipofika saa tano Bibi Lisbet alikuwa anahema kwa mdomo, na Ottilie alitaka kumpokea mtarimbo akakataliwa kwa kiwiko. Hapo Mina alishuka shimoni na mtarimbo wake mwenyewe, hakuomba ruhusa, akaanza kuchimba upande wa pili. Walifanya kazi hivyo mpaka baada ya saa saba, wazee wawili kichwa kwa kichwa ndani ya shimo lililowafika mabegani.

"Acha," Bibi Lisbet akasema.

Alipiga magoti. Kwenye chumba kidogo chenye sakafu laini kulikuwa na fundo la sisimizi limeshikana, na ndani ya fundo kitu kizito kilikuwa kinasogea polepole. Aliwapangusa kwa kidole mmoja mmoja, kama anamtoa mtoto matongotongo. Kisha akamwinua kwenye kiganja. Alikuwa na rangi ya kutu, mkubwa mara tatu ya watoto wake, na mgongoni alama mahali mbawa zilipokuwa siku aliyoruka, miaka mingi iliyopita. Ndevu alikuwa nazo chache tu, fupi. Yeye hachimbi.

Mouton alipiga picha kiganja, shimo, mlima nyuma yake. Akaweka karatasi juu ya boneti ya gari, akasaini mbele ya watu, akamsomea kiongozi wa kijiji alichoandika. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mwanamke mmoja alikaa chini palepale kwenye changarawe.

Daktari alishuka kwa shida mpaka ukingoni mwa shimo, fimbo mkononi. Alimtazama malkia kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye njaa aliyeketi msibani.

"Inabidi aingie kwenye chupa," akamwambia Ottilie. Lilikuwa neno la kwanza kumsemesha tangu jana. "Kazi yote lazima iandikwe upya. Bila yeye kuna neno letu tu, na neno letu sasa…" Akasogeza fimbo. "Habari ya ajira yako tutazungumza Jumatatu."

"Ndiyo, Daktari."

"Anasemaje?" Bibi Lisbet akauliza kutoka shimoni.

Ottilie alimtafsiria habari ya chupa. Ya Jumatatu aliiacha.

"Hawezi kurudishwa?"

"Arudi wapi, Bibi? Nyumba tumeibomoa."

Bibi Lisbet alikitazama kiganja chake. Watoto wawili wa malkia walikuwa wamepanda naye, wanamzunguka, wanamgusa kwa pembe zao. Ottilie alishuka shimoni, akafungua chupa, harufu ya spiriti ikapanda. Alisubiri bibi yake ainamishe mkono. Mkono haukuinama.

"Mchukue wewe," Bibi Lisbet akasema. "Mimi nimemtoa. Hilo jingine silijui."

Ottilie alimchukua malkia kwa vidole viwili, akamweka mdomoni mwa chupa, akamwachia. Wale watoto wawili walibaki kwenye kiganja cha bibi yake wanatafuta huku na huku. Chupa ilikuwa angavu, na wanawake wote watatu mle shimoni waliweza kuona miguu inavyojikunja.

"Amekufa?" Bibi Lisbet akauliza.

"Bado, Bibi."

Wakangoja. Mina aligeuza uso, akaegemea ukuta wa shimo.

"Sasa?"

"Sasa amekufa."

"Basi mwambie yule mzee aandike Garubes."